Bao Lisilo na Nyumba

Mama mwenye nyumba wangu wa Mtendeni alikuwa amekasirika kabla hujamkosea. Ukitoka chumbani asubuhi ukamkuta uani anapepea jiko la mkaa, ukamwamkia, aliitikia marahaba kama mtu aliyekatizwa katikati ya ugomvi, kisha akauliza ni nani aliyeacha ndoo juu ya mdomo wa kisima. Hakungoja jibu. Alikuwa anajua tayari. Mbele yake tulimwita Mama, nyuma yake tulimwita Mwenye Nyumba. Jina lake hasa sikulitumia hata siku moja, na hapa pia sitalitumia.

Nilipanga kwake nilipokuwa karani wa reli pale Tabora, kijana, sijaoa. Nimezaliwa kijijini, katika nyumba ya Wakatoliki, nyumbani tukisema Kinyamwezi. Nilipokuja kuomba chumba kwa mjane wa Kiislamu wa mjini nilikuwa nimejiandaa kukataliwa. Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Unakunywa pombe?"

"Kidogo, mama."

"Harufu yake iishie barabarani. Na Jumapili ukienda kanisani, ondoka mapema. Sitaki mpangaji anayemchelewesha Mungu."

Hayo ndiyo yaliyokuwa masharti yote ya dini katika nyumba ile.

Hasira yake ilikuwa na kazi nyingi. Kuna wiki nililala na malaria, sina nguvu hata ya kukaa kitako. Alikuja na bakuli la uji, akanilisha kijiko kwa kijiko, huku akinigombeza bila kupumua. "Nani alikwambia ulale bila chandarua? Fungua mdomo. Mwanamume mzima, mshahara unao, chandarua huna. Fungua. Usinitapikie." Alipomaliza alinipangusa mdomo kwa upindo wa khanga yake, akatoka, na nikamsikia uani akimfokea mpangaji mwingine kwa sababu alikuwa anaimba na mimi naumwa.

Watu wasiomjua walidhani mwanamke mkali namna ile lazima awe mpinzani wa serikali. Wapi! Siku ya Uhuru alifunga khanga mpya na kutembea mpaka uwanjani tangu asubuhi, na wanasema alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, akawa ananong'ona siku kadhaa. Kadi ya chama aliikata mapema kuliko wanaume wa mtaa wake. Ilipojengwa shule kwa kujitolea kule Ipuli, alibeba mawe kichwani pamoja na wanawake waliokuwa na nusu ya umri wake, akirudi jioni kiuno kinamuuma anamlaumu kila aliyebeba jiwe dogo. Mtu akisema ovyo juu ya nchi barazani pake, alimfukuza. Yeye mwenyewe akiisema nchi, ungemsikia mpaka barabara ya pili.

"Nchi ni yangu," alikuwa akisema. "Ndiyo maana naigombeza. Ya mwenzangu ningeiachia."

Sasa nifike kwenye bao, kwa maana bila bao siwezi kumweleza.

Lilikuwa bao la mninga, zito, jekundu kama ini, safu nne za mashimo na zile nyumba mbili, mashimo ya pembe nne, moja ya kila mchezaji. Aliachiwa na mumewe. Mumewe aliugua muda mrefu, na wanaume waliokuwa wakija kucheza naye wakaanza kuja mmoja mmoja, kisha wasije kabisa, kwa kuwa kikohozi chake kiliwatisha. Basi akamfundisha mkewe ili apate mtu wa kucheza naye. Alipokufa, wanaume wale wale walirudi kutaka kulinunua. Akawaambia, "Haliuzwi. Linachezwa. Anayelitaka aje barazani."

Wakaja. Mwanzoni walikuja kwa udadisi, kumtazama mwanamke aliyekaa mkekani mbele ya bao mchana kweupe. Wengine walisema ni aibu. Waliosema ni aibu walifungwa kwanza. Baada ya muda baraza ile baada ya alasiri ikawa mahali pa mafundi viatu, wauza nguo, madereva wa malori, hata mzee mmoja wa msikitini aliyekuwa akificha uso akifungwa. Wasafiri wa treni ya Kigoma waliokuwa na saa za kusubiri waliulizia "kwa yule mama."

Mimi nilicheza naye miaka na kumfunga mara chache kiasi kwamba nikizitaja mtadhani naongopa. Anayelijua bao anajua kwamba nyumba ndiyo roho yake. Unazilimbikiza kete zako pale, unazilinda, unamtishia nazo mwenzako, na siku ukikosea anakuja kuzila zote kwa mkupuo mmoja na unabaki unayatazama mashimo kama mtu aliyeibiwa. Yeye alicheza kwa haraka, kete zikianguka kutoka kwenye vidole vyake bila yeye kuzitazama, macho yake yako kwako. Alikuwa hatazami bao, anatazama unachokiogopa.

"Unaihurumia nyumba yako," aliniambia siku moja baada ya kunimaliza. "Isafirishe, zitawanye kete! Umeikalia kama kuku. Mchezo huu ni kuogopa, lakini kuogopa kwa akili."

Hata hivyo alikuwa mwizi. Lazima niliseme na hilo. Akiona unamzidi, alikuwa anakohoa, anaagiza maji, anamwita paka, na ukigeuka kete moja imehama. Ukimwambia, alikasirika mpaka ukaona haya wewe. Mwanamke ambaye asingekubali jirani amchukulie hata kijiti cha kiberiti alikuwa anaiba kete ya bao mbele ya macho ya watu na kuapa.

Ndipo akaja Bwana Maendeleo.

Ilikuwa miaka ile baada ya Azimio, kila kitu kilipokuwa kinapewa jina jipya. Alikuwa ofisa mpya wa maendeleo, kijana kama mimi, ametoka masomoni, suruali yake ina mkunjo mkali wa pasi, mpole kwa sauti. Alipofika barazani alisimama akatutazama, akasema, "Habari za leo, ndugu."

Mwenye Nyumba hakuinua kichwa. "Mwambieni aanze upya."

"Ndugu, mimi ni—"

"Mimi nina umri wa mama yako. Udugu wetu utaanzia kwenye shikamoo."

Akaamkia. Masikio yalimwiva. Lakini hakuondoka, na hilo nampa haki yake. Alirudi siku ya pili na ya tatu, akachuchumaa akitazama, na siku ya nne akasema alichokuja kusema. Alisema bao ni mchezo wa wazee wetu na ni hazina, ila lina sumu ndani yake. Linafundisha kulimbikiza. Linafundisha kula cha mwenzako. Mtu mmoja anakusanya kete zote nyumbani kwake na mwingine anabaki hana kitu, na watu wanashangilia! Hayo ndiyo tuliyoyaondoa pamoja na wakoloni. Kwa hiyo yeye na wenzake wametengeneza bao la kisasa, linaloendelea pale la zamani lilipoishia. Akalitoa kwenye mfuko.

Lilikuwa zuri kutazama. Nalisema hilo mapema ili nisidhaniwe kuwa nalichukia kwa sura. Lilikuwa la plaiwudi, jepesi, limepakwa rangi ya kijani, mashimo laini yaliyotobolewa kwa mashine. Safu zilikuwa mbili tu badala ya nne. Nyumba hazikuwepo. Katikati palikuwa na shimo moja kubwa lililoandikwa GHALA. Unatembeza kete, na inayoangukia mahali fulani inakwenda ghalani. Huli kete za mwenzako, naye hali zako. Ghala likijaa, mchezo umekwisha na nyote mmeshinda.

Nilitazamia Mwenye Nyumba alirushe barabarani. Akalipokea, akaligeuza, akalikuna kwa ukucha. "Liache," alisema. "Siwezi kukitukana kitu nisichokijua."

Tukalicheza wiki nzima, mimi na yeye, kila alasiri, la mninga limesimamishwa ukutani. Nakumbuka sana nilivyojisikia. Siku ya kwanza nilifurahi. Lilikwenda mbio, halikutaka mahesabu, na watoto wa jirani walilielewa kwa kutazama tu, jambo ambalo la zamani halikuwahi kuruhusu. Mwenye Nyumba mwenyewe alikiri: "Hili kwa watoto ni zuri. Linafundisha kuhesabu." Siku ya pili nilikuwa nangoja kitu kitokee. Vidole vilikuwa vinafanya vilevile, kete zinaanguka vilevile, na kila zilipozunguka nilikuwa nakaza tumbo kusubiri pigo, na pigo haliji. Kumbe nilikuwa nimezoea hatari kama chumvi. Siku ya tatu nilijikuta naongea huku nacheza. Naongea juu ya mvua! Mbele yake, kwenye bao la zamani, hakuna aliyewahi kuwa na nafasi ya kuongea juu ya mvua.

Na yeye, ambaye aliiba kete maisha yake yote, hakuiba hata moja. Nilimtazama. Siku ya mwisho ghala lilipojaa aliweka mikono mapajani, akasema polepole, "Nimecheza na wewe wiki nzima na sijui kama umekuwa na akili zaidi au mjinga zaidi. Mchezo gani huu usiomjua mtu?"

Hasira yangu ilianzia hapo. Mtu akija na kitu chake kipya kabisa, akakipa jina lake, sina ugomvi naye, atakayekipenda atakicheza. Lakini kuchukua jina la kitu ambacho watu wamekipenda tangu misafara ya pembe inapita hapa, ukang'oa roho yake, halafu ukasimama mbele ya waliokipenda ukawaambia hiki ndicho kile kile ila kimekuwa bora, huko ni kuwafanya watu hawana kumbukumbu. Niliona hivyo nikiwa kijana, na sasa nimezeeka naona vivyo hivyo.

Bwana Maendeleo akaomba Mwenye Nyumba alizindue bao jipya uwanjani, siku ya sikukuu ya wakulima. Sisi wote tulimkataza. Yeye akaenda, amevaa khanga zake za chama, kwa sababu ameitwa na nchi yake. Wakaketi juu ya jukwaa, yeye na Bwana Maendeleo, mbele ya mgeni wa heshima na umati. Wakacheza. Ghala likajaa. Bwana Maendeleo akasimama na kutangaza kwa kipaza sauti, "Tumeshinda sote!"

Kipaza sauti kilikuwa bado kiko karibu na mdomo wa Mwenye Nyumba aliposema, "Kama tumeshinda sote, sasa mimi nilikuja kufanya nini hapa?"

Hakukusudia kuchekesha. Lilikuwa swali. Lakini umati ulicheka, ukacheka tena, na mgeni wa heshima akacheka mpaka akatoa leso. Nilimtazama Bwana Maendeleo. Umati ungecheka peke yake angeweza kuvumilia. Kicheko cha mkubwa wake ndicho kilichomchoma.

Haukupita mwezi likatoka agizo mtaani kwetu: kucheza bao saa za kazi ni uzururaji. Na saa za kazi zikatafsiriwa kuwa ni mpaka jua lizame.

Walikuja mgambo wawili siku ya Jumamosi, mimi niko pale. Fundi viatu aliyekuwa kwenye zamu ya kucheza aliondoka bila kuchukua ndara zake. Nikasimama, nikaanza kusema juu ya sheria, na mgambo mmoja akaniuliza ninafanya kazi wapi na bosi wangu anaitwa nani. Nikategemea Mwenye Nyumba aanze. Mtaa mzima ulitoka milangoni kumsikiliza akianza. Mwanamke aliyefoka kwa sababu ya ndoo!

Hakufoka. Alivuta miguu yake kando ili wapite, akasema, "Libebeni kwa mikono miwili. Msiliburute."

Wakaliinua likiwa na kete ndani, kete zikamwagika barazani na kubingirika mpaka kwenye mtaro. Alizifuata akiwa amepiga magoti, mjane mzima, anaokota kwenye matope kete moja moja, na sisi tukaokota naye. Nikikumbuka mpaka leo meno yanasagana yenyewe.

Jumatatu nilikwenda ofisini kwa Bwana Maendeleo. Tulirushiana maneno mpaka wahudumu wakaja mlangoni. Nilimwambia amemwibia mjane. Akaniambia bao liko mahali salama na mimi nirudi kwenye magari ya moshi yangu. Nilikwenda tena, mara hii pamoja na mama mwenyewe. Hapo ndipo aliposema, akiwa ameshika kalamu na kuizungusha zungusha, kwamba bao limepelekwa Dar es Salaam, makumbusho. Limeonekana ni kazi ya thamani ya kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa.

Mwenye Nyumba alimtazama kwa macho yale ya barazani.

"Makumbusho," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Haya. Ahsante."

Njiani nilikuwa natoa moshi kwa hasira, nikasema tuandike malalamiko, twende mkoani. Akanikatiza: "Nyamaza, naumwa kichwa." Siku hiyo hakumgombeza mtu yeyote. Na kwa kweli hakugombeza tena kama zamani. Ukiacha ndoo juu ya kisima, aliiondoa mwenyewe. Sisi wapangaji tuliokuwa tunaombea utulivu miaka yote tukaupata, na ulikuwa unatisha. Mwaka uliofuata aliiacha nyumba mikononi mwa ndugu wa mumewe, akamfuata mtoto wa dada yake aliyehamia kijiji kipya cha upande wa Kaliua.

Nikahamishwa huku na huku na reli. Nilioa. Ilipita miaka kabla sijashuka Kaliua kungoja treni ya Mpanda, nikaambiwa imeharibikia njiani na huenda isije mpaka kesho. Muuza karanga mmoja wa stesheni alikuwa anatoka kijiji kile. Nikamuuliza kama anamfahamu bibi mmoja wa kutoka Tabora, mkali. Akacheka. "Yule wa bao? Twende, si mbali."

Nilimkuta kwenye kivuli cha ukuta wa ghala la tumbaku. Alikuwa amezeeka, jicho moja limeingia ukungu. Mbele yake mashimo yalikuwa yamechimbwa ardhini, safu nne, na kingo zake zimepigwa udongo wa kichuguu mpaka zikawa ngumu kama sakafu. Nyumba mbili za pembe nne zilikuwepo. Na aliyekaa upande wa pili, ameinamia kete zake mbili tatu zilizobaki, kipara kimeanza kumtoka, alikuwa Bwana Maendeleo.

Damu ilinipanda kichwani. Nilimwamkia mama, akaitikia kwa furaha ya kweli, akanishika mkono asiuachie. Yule akasimama na kuninyooshea wa kwake. Niliuacha hewani.

"Kaa chini," mama aliniambia. "Walimhamishia huku. Hana mtu wa kuongea naye, wanakijiji hawampendi. Anakuja kwangu kila jioni nimfunge." Kisha akamgeukia, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "Bwana Maendeleo, hebu mwambie mwanangu huyu. Bao langu lina hali gani huko Dar?"

Bwana Maendeleo akaziacha kete zake. "Liko salama, mama. Liko ndani ya kabati la kioo. Wamelipaka vanishi."

"Na watu wanakuja kulitazama?"

"Sana. Hata wageni wa nje."

Alijibu akitazama mchanga. Baadaye kidogo akasema anakwenda kunawa, akaondoka akikokota miguu. Hasira yangu ikapungua kidogo, nikasema moyoni, angalau bao lipo. Nikamwambia mama kwamba mwezi ujao nina safari ya Dar, nitakwenda makumbusho nikalitazame, nimletee habari.

"Utakwenda kutazama majivu?"

Nikafikiri sikusikia vizuri.

"Lilikatwa kwa shoka," alisema, akipanga kete kwa mchezo mpya. "Siku ya mkutano wao kuni ziliwapungukia, akalitoa yeye mwenyewe, wakalipikia wali. Mpishi alikuja kuniambia asubuhi yake, analia. Nikamnyamazisha. Mimi nilikuwa najua kabla hatujakwenda ofisini, mimi na wewe."

Nilisimama. Nilitaka kumfuata huko kisimani alikokwenda nikamfanye sijui nini. Akanivuta suruali.

"Kaa."

"Mama, kwa nini humwambii kwamba unajua?"

"Nimwambie ili iweje? Atalia. Ataomba radhi mbele ya watu, na kwa umri wangu huu wataniambia nimsamehe, na mimi nitalazimika kumsamehe." Akaachia kete ya mwisho ianguke shimoni. "Sitaki. Kila jioni namuuliza, na kila jioni lazima atunge. Mwaka jana lilikuwa ukutani. Sasa liko ndani ya kioo."

Bwana Maendeleo alikuwa anarudi, mikono inadondosha maji. Alipotuona tunamtazama alipunguza mwendo, kama anayefikiria kupitia njia nyingine.

"Njoo, njoo," Mwenye Nyumba akamwita, akipiga mkeka kwa kiganja. "Hukumaliza kutueleza. Hicho kioo, wanakipangusa mara ngapi?"

Akaja, akaketi, akaanza kueleza.